Ugonjwa wa kutupa mimba: jina linalomficha mgonjwa

Wenzangu wa kitivo huniuliza: mwanafunzi wa lugha anatafuta nini katika maziwa ya Masisi? Ninatafuta majina.

Bruselosi huletwa na bakteria wa Brucella. Ng'ombe aliyeambukizwa huweza kutupa mimba. Mtu huupata ugonjwa kwa kunywa maziwa mabichi, kula jibini ya maziwa hayo, au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Hufuata homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Ni rahisi kudhani ni malaria. Lakini dawa ya kawaida ya malaria humezwa siku 3, na bruselosi hutaka antibiotiki kwa wiki 6 hivi. Aliyepewa dawa isiyo yake huendelea kuumwa.

Sasa tuyatazame majina. Kwa Kifaransa huitwa homa ya Malta; David Bruce alimtambua bakteria huyo kisiwani humo mwaka 1887. Kwa Kiswahili cha wafugaji huitwa ugonjwa wa kutupa mimba. Jina la kwanza latupeleka ng'ambo, la pili zizini. Mchungaji wa kiume anayeumwa kiuno hajioni katika lolote kati ya hayo.

Fasihi ya Walikale, jirani yetu, ina funzo hapa. Mwaka 1956 Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha Marekani mwaka 1969. Utendi ulivuka mipaka, lakini Kinyanga hakikuachwa nyuma: kimo kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Anayetilia shaka tafsiri hurudi kwa kauli ya msimulizi.

Mgonjwa naye anastahili hivyo. Akieleza kwa Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga, na fishi ikaandikwa kwa Kifaransa neno moja tu, homa, kauli yake imepotea. Napendekeza safu mbili: maneno yake, kisha tafsiri. Tena "Una homa?" haitoshi. Tuulize: "Maziwa mnayanywa mabichi? Kuna ng'ombe aliyetupa mimba? Nani alimsaidia kuzaa?" Majibu hayachukui nafasi ya maabara, ila humwonyesha muuguzi kipimo cha kuomba.

Na nyumbani, maziwa yachemshwe.