Dalali na Mtaa Wake: Mchikichini kwa Jicho la Soko la Nyumba

Dalali wa nyumba, yaani mtu anayewakutanisha mwenye mali na mteja kwa malipo ya kamisheni, hana mtaji mkubwa kuliko ujuzi wake wa mahali, na kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kulijua jiji lote la Dar es Salaam nyumba kwa nyumba, swali linalotangulia mengine yote katika kazi hiyo ni lile la eneo. Wengi wanaoanza hulijibu kwa macho: huvutwa na Masaki, Oysterbay au Mikocheni, ambako nyumba moja huuzwa kwa bei ya mtaa mzima wa uswahilini, bila kujiuliza nyumba hiyo huuzwa mara ngapi katika maisha ya mtu na ni madalali wangapi wamekwisha kuizunguka. Kipimo cha maana zaidi ni kasi ya mali kubadilisha mikono, pamoja na uwezekano wa dalali kuzifahamu nyaraka na familia zilizo nyuma ya mali hiyo, na kwa kipimo hicho kata ya Mchikichini, isiyotajwa sana katika mazungumzo ya wawekezaji, inafundisha mengi.

Mchikichini, ambayo jina lake latokana na mchikichi, mti wa mawese, imo katika iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Upande mmoja inapakana na pilikapilika za Kariakoo, na upande mwingine ardhi inateremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi. Katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu bila kuchoka kuna soko la Karume, kuna nyumba za kota, neno linalotokana na makazi yaliyojengwa na serikali kwa ajili ya wafanyakazi, kuna nyumba za Kiswahili za kupangisha, na kuna makazi ya bondeni. Haya ni masoko tofauti yanayokaa chini ya jina moja la kata, na dalali anayedai kwamba “anafanya Mchikichini” bila kutaja ni Mchikichini ipi hajachagua kitu bado.

Upande wa Karume, kinachouzwa na kupangishwa si nyumba bali nafasi ya biashara. Hapo ndipo kitovu cha mitumba, ambako marobota hufunguliwa asubuhi na mapema na wateja wa jumla huchambua nguo kabla jua halijapanda. Nafasi hupimwa kwa fremu, yaani chumba kimoja cha duka kinachotazama barabara, na katika ukanda huu wote hadi Kariakoo bei ya fremu ina sura mbili: kodi, ambayo hutajwa waziwazi, na kilemba, ambacho ni fedha anayotoa mpangaji mpya ili mpangaji wa zamani au mwenye nyumba amwachie nafasi. Kilemba hakiandikwi katika mikataba mingi, wala hakirejeshwi, na mara nyingine huzidi kodi ya mwaka mzima. Mgeni hawezi kukikisia, na mwenyeji hukijua kwa kusikia ni nani amehama wiki iliyopita na kwa nini. Soko la Karume liliteketea kwa moto Januari 2022, miezi michache tu baada ya moto wa Julai 2021 katika soko kuu la Kariakoo, na matukio ya namna hiyo huwatawanya wafanyabiashara wanaotafuta fremu na stoo katika mitaa ya jirani kwa haraka.

Nyuma ya barabara kubwa hesabu hubadilika. Nyumba ya Kiswahili kwa kawaida ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani wenye jiko na choo vinavyotumiwa na wote. Ichukuliwe, kwa mfano tu, mitaa miwili yenye nyumba hamsini za aina hiyo, yaani vyumba 300: ikiwa kila chumba hupata mpangaji mpya mara moja kila miaka miwili, vyumba 150 vitatafuta watu kila mwaka, na dalali atakayepata theluthi moja tu ya hivyo atakuwa na kazi hamsini. Nyumba zizo hizo, zikiuzwa kila moja mara moja tu katika miaka 25, zitatoa mauzo mawili kwa mwaka kwa madalali wote wa eneo hilo. Udalali wa chumba kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, ambayo ni fedha ndogo, lakini ni fedha inayokuja, na kila anayepangishwa huleta habari za nyumba nzima. Hapa ndipo wanaodharau vyumba wanapokosea, kwa maana mauzo makubwa ya mtaa huanza kunong’onwa ukumbini miezi mingi kabla ya kufika kwa wakili.

Mnong’ono huo mara nyingi unahusu ghorofa. Kariakoo imekuwa ikipanda juu kwa miaka mingi, na mtindo uliozoeleka ni ubia, ambapo mwenye kiwanja hutoa ardhi, mwekezaji hujenga, kisha sakafu na fremu hugawanywa kwa miaka wanayokubaliana. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008 iliwezesha sakafu moja au nyumba moja ndani ya ghorofa kuwa na hati yake, jambo linalompa dalali bidhaa ambayo zamani haikuwapo. Kuporomoka kwa jengo la ghorofa Kariakoo mnamo Novemba 2024, kulikoua watu wengi, kumeonyesha hata hivyo kwamba habari za nguzo na vibali ni sehemu ya ujuzi wa mtaa sawasawa na habari za kodi.

Kikwazo kikubwa cha mauzo katika mitaa hii ya zamani ni mirathi. Babu alijenga, watoto saba walizaliwa, wawili wamefariki na kuacha watoto wao, na hati, kama ipo, bado ina jina la babu. Kisheria anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na nyumba inayokaliwa na wanandoa inalindwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayodai ridhaa ya mwenza. Mahali pengine mkazi hana hati bali leseni ya makazi, kibali cha muda kinachomtambua katika eneo lisilopimwa rasmi, na tofauti hiyo hushusha bei na hufunga baadhi ya milango ya benki.

Bondeni kuna onyo la aina nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umewalipa fidia na kuwahamisha wakazi wengi, hivyo dalali anayepeleka mteja kununua huko bila kumweleza hayo anamuuzia kesi, si nyumba.

Habari nyingi kati ya hizi zimo ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji, na nyingine zimeandikwa ukutani. Kuna nyumba zenye alama ya X nyekundu ya bomoabomoa, na kuna zile zilizopakwa kwa herufi kubwa “NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI”, maandishi ambayo kwa kawaida huwekwa na mrithi mmoja dhidi ya ndugu zake. Anayepita kwa pikipiki husoma na kuendelea na safari, ilhali dalali wa mtaa hujua ni ndugu yupi aliyeshika brashi, kama rangi ni ya mwaka huu au ya kabla ya kikao cha familia cha Pasaka, na kama sasa inafaa kubisha hodi.