«UNANISIKIA?» REDIO NDANI YA NYUMBA ZA ETAJE

Ushuke siku moja katika depo ya chini ya nyumba moja kubwa ya etaje, pale katikati ya Butembo, wafanyabiashara wanapoweka mizigo ya Dubai na ya China. Utoe telefoni yako. Rezo imepotea, si ndiyo? Unarudi mlangoni, unainua mkono juu, «alo, alo», na wote wanacheka. Lakini siku ya moto hakuna kucheka. Kijana wa Msalaba Mwekundu ameingia ndani ya moshi kukutafuta, Motorola mkononi. Mkubwa wake, nje, anaona ukuta unapasuka, anapaza sauti: «Tokeni!» Yule kijana hasikii kitu.

Ninyi mnaoishi na kazi ya zahabu mnajua jambo hili. Ukishuka mita chache ndani ya shimo, redio imekatika. Basi sima yenye vyuma ndani ni ndugu ya mwamba: vyuma vinarudisha mawimbi, sima inayala, na kila ukuta unachukua sehemu yake. Ndiyo sababu watu wa fonia kwenye misioni walifunga waya wa anteni huko nje, juu kabisa, wala si ndani ya bilo.

Tusifikiri ni shida ya maskini tu. Kule New York, bomu lilipolipuka chini ya majumba ya World Trade Center mwaka 1993, redio za wazima moto zilishindwa. Ikawekwa mashine ya kupokea sauti na kuirudisha kwa nguvu. Tarehe 11 Septemba 2001 mashine ilikuwapo, ila kibonyezo kimoja hakikubonyezwa. Wakubwa waliijaribu, hawakusikia, wakaiacha. Jumba la kusini likaanguka, ikatolewa amri ya kutoka katika lile la kaskazini. Wengi hawakuisikia. Zilibaki dakika 29. Siku ile wazima moto 343 walikufa.

Kibonyezo kimoja, jamani!

Dawa moja inajulikana sana migodini. Katika migodi mikubwa wanapitisha waya mnene wenye matundu katika ganda lake, mawimbi yanavuja humo na kuingia humo. Waya wa namna hiyo unapitishwa pia katika majumba, au wanaweka anteni juu ya paa na nyingine ndogo kila etaje. Mfano wa sheria ya moto uliotolewa Marekani mwaka 2009 unadai redio za waokoaji zisikike ndani ya kila jengo jipya. Na lazima betri yake, maana moto ukianza tunazima grupu.

Ni vitu vya bei, najua. Lakini hospitali ya Beni au shule yenye etaje inaweza kuanza na redio mbili za kuazima. Mmoja anabaki kwenye lango, mwingine anatembea: depo, chini ya ngazi, chumba cha upasuaji. Anahesabu kwa sauti. Pale hesabu inapokatika, mnaandika kwenye karatasi, nayo inakaa kwa mlinzi. Mahali pale mwokozi asiingie peke yake. Mwenzake asimame kwenye ngazi, apokee neno na kulipitisha. Mkiongeza ukuta, mrudie kupima.

Na wewe unayejenga sasa, umwambie fundi aache tiyo tupu toka chini mpaka paa, kabla hajamwaga sima. Waya utakuja siku feza itakapopatikana.