Kilichomo Ndani ya Mkebe wa Nguvu

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani huulizwa kama vinywaji vya kuongeza nguvu ni halali, kwa kuwa mna taurini ndani yake, jina litokanalo na fahali. Ni kweli kwamba taurini iligunduliwa mwaka 1827 katika nyongo ya ng'ombe. Walakini ile itiwayo mikebeni leo hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Swali la fahali basi tuliweke kando, kwani liko zito kuliko hilo.

Mkebe wa Red Bull wa mililita 250 una sukari gramu 27, karibu vijiko saba vya chai, na kafeini miligramu 80. Kafeini si ngeni kwetu. Imo katika kahawa chungu tunayoinywa barazani baada ya Isha, wala hatuna nia ya kuiharamisha. Lakini kahawa ile ya moto hunywewa kwa funda, na wanywaji ni watu wazima. Mkebe huu ni baridi na mtamu. Mtoto humaliza wote kwa pumzi moja. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kuwa kiasi kisichotia wasiwasi kwa mtoto ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Mtoto wa kilo 25 huuvuka mpaka huo kwa mkebe mmoja. Mama mjamzito naye asipite miligramu 200 kwa siku, chai yake ikiwemo.

Na hiyo nguvu iko wapi? Kafeini huuzuia tu ubongo kupokea habari za uchovu. Mwili umechoka vile vile. Kijana anywaye saa nne usiku ili adurusu, ifikapo saa tisa aghalabu nusu ya kafeini ingali mwilini mwake, usingizi haumjii na moyo unamwenda mbio. Wanaoteremshia muguka kwa kinywaji hiki huubebesha moyo mizigo miwili.

Vinywaji vya wanamichezo ni vingine: maji, sukari na chumvi, vilivyobuniwa Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1965 kwa wachezaji waliotokwa na jasho jingi. Aliyecheza mpira nusu saa uwanjani yamtosha maji, au dafu.

Wakati wa daku, mama, mpe kijana uji, tende na maji ya kutosha. Akija na mkebe, mgeuzieni upande wa nyuma mkausome pamoja. Kiasi cha kafeini kimeandikwa hapo kwa herufi ndogo.