Fedha Zilizookolewa Hazina na Makato ya Mfanyakazi wa Kinyerezi

Serikali inapotangaza kwamba imeokoa fedha zilizokuwa zikipotea, mlipakodi ana haki ya kujua zilikokwenda, na hasa kama zimempunguzia yeye na familia yake mzigo wowote. Nchini Tanzania jambo hilo limejaribiwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2008, kwa njia tofauti na kwa matokeo tofauti, na uzoefu huo unaonyesha kwamba tabia ya fedha iliyookolewa ina uzito kuliko ukubwa wake. Fedha iliyochotwa na kurudishwa huingia mara moja ikaisha, ilhali punguzo la kodi ni deni ambalo Serikali hujitwika kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo punguzo la kudumu hubebwa na uvujaji uliozibwa, yaani malipo yaliyokuwa yakitoka kila mwezi bila haki na sasa hayatoki tena. Familia za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kinyerezi na Segerea upande wa Ilala hadi Mbagala upande wa Temeke na Tegeta upande wa Kinondoni, ambako mshahara wa mtu mmoja hulisha wengi, zina sababu ya kuielewa tofauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndizo huahidiwa unafuu mara kwa mara.

Msingi wa kisheria hauna utata. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza kutoza kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na Ibara ya 135 inaelekeza mapato ya Serikali yaingie katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Shilingi iliyookolewa ikishafika huko huchanganyika na shilingi nyingine zote wala haina alama inayoitambulisha. Ili igeuke kuwa unafuu kwa mfanyakazi, ni lazima Waziri wa Fedha apeleke bungeni Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao hujadiliwa na kupitishwa Juni ili viwango vipya vianze Julai 1. Rais anaweza kuahidi punguzo kwenye sherehe za Mei Mosi na umati ukashangilia, lakini makato kwenye hati ya mshahara hayabadiliki mpaka Bunge lipige kura.

Mfano wa fedha iliyorudi mara moja ni ule wa Akaunti ya Madeni ya Nje katika Benki Kuu ya Tanzania, maarufu kwa jina la EPA. Ukaguzi uliotangazwa Januari 2008 ulibaini kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa takriban shilingi bilioni 133 isivyo halali, baadhi kwa nyaraka za kughushi. Rais Jakaya Kikwete alimwondoa Gavana Daudi Ballali, kampuni zikapewa muda wa kurejesha, na kufikia Agosti mwaka huo zaidi ya shilingi bilioni 50 zilikuwa zimerudi. Rais aliliambia Bunge kwamba fedha hizo zielekezwe kwenye kilimo, katika ruzuku ya mbolea na mbegu na katika mtaji wa mikopo ya wakulima kupitia Benki ya Rasilimali. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa rada iliyonunuliwa kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza: baada ya kampuni hiyo kukiri mwaka 2010 kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, na fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Uamuzi wa kununua vitabu ulistahili sifa, kwa sababu fedha ya mara moja ilinunua kitu cha mara moja, na mzazi asiye na uwezo alipata unafuu halisi bila Serikali kujifunga kwa ahadi ambayo mwaka uliofuata isingeweza kuitimiza.

Zoezi la watumishi hewa lilikuwa la aina nyingine, na linastahili maelezo marefu zaidi. Machi 2016, akiwaapisha wakuu wa mikoa, Rais John Magufuli aliwapa siku 15 wahakikishe majina ya watumishi wasiokuwepo kazini yanaondolewa kwenye orodha ya mishahara. Mtumishi hewa si lazima awe mtu wa kubuni. Mara nyingi ni mwalimu aliyefariki, muuguzi aliyestaafu au karani aliyeacha kazi na kwenda zake, ambaye jina lake halikufutwa, hivyo mshahara ukaendelea kuingia benki kila mwisho wa mwezi na kuchukuliwa na mtu anayejua siri hiyo, wakati mwingine kwa kugawana na aliyepaswa kulifuta jina. Hazina hulipa kwa kufuata orodha iliyoletwa na mwajiri. Mkurugenzi wa halmashauri au ofisa utumishi asipotimiza wajibu wake, hakuna aliye makao makuu anayeweza kujua kwamba darasa fulani halina tena mwalimu. Uhakiki ulifanywa kwa kuwaita watumishi mmoja mmoja, kila mtu na barua yake ya ajira, vyeti na kitambulisho, na kufikia katikati ya mwaka huo zaidi ya majina 10,000 yalikuwa yameondolewa, majina yaliyokuwa yakigharimu zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa mwezi. Idadi hiyo baadaye ilipita 19,000, na Aprili 2017 ikatolewa orodha nyingine ya watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi.

Zoezi hilo lilikuwa na majeraha yake, na si haki kuyapita kimya. Baadhi ya watumishi wenye elimu ya darasa la saba waliondolewa kazini, kisha mwaka 2018 Serikali ikaagiza warudishwe, na michango ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya wale wa vyeti vya kughushi ilisubiri hadi mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza warejeshewe walichokatwa. Mtu aliyefanya kazi ya umma miaka kumi na mitano akarudi nyumbani mikono mitupu naye ana familia. Hata hivyo, kwa upande wa hesabu, hiki ndicho kielelezo cha uvujaji uliozibwa: bilioni zile hazikurudi kwa mkupuo, ila ziliacha kutoka, mwezi huo na miezi iliyofuata.

Mwaka uleule zoezi hilo lilipoanza, kuanzia Julai 2016, kiwango cha chini cha kodi ya mapato ya ajira, inayofahamika zaidi kama PAYE, kilishuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 9. Sheria ya Fedha haikuyaunganisha mambo hayo mawili, lakini ni vigumu kuona jinsi ambavyo Serikali ingepunguza kodi kwa asilimia mbili bila kuwa na mahali pa kushikia. Hapa inafaa kutazama namba kwa karibu, kwa sababu kinachoshangiliwa Mei Mosi na kinachobaki mfukoni ni vitu viwili. Asilimia hiyo ya chini ilihusu sehemu ya mshahara iliyo kati ya shilingi 170,000 na 360,000 tu, kwa hiyo punguzo zima, hata kwa mwenye mshahara mkubwa, halikuweza kuzidi shilingi 3,800 kwa mwezi. Mwaka 2021 kiwango kiliposhushwa tena kutoka asilimia 9 hadi 8, faida ya juu kabisa ilikuwa shilingi 2,500.

Badiliko lililokuwa na uzito halikupigiwa tarumbeta sana. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilipandisha kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi na kuzisogeza ngazi zote zilizofuata, na matokeo yake ni kwamba mlinzi au mhudumu wa duka anayepata shilingi 270,000, ambaye awali alikatwa 9,000, aliacha kukatwa kabisa, huku mwenye mapato yanayotozwa kodi ya shilingi 520,000 akishuka kutoka makato ya 49,100 hadi 22,500. Kwa fundi mchundo anayeishi Kinyerezi na kufanya kazi kiwandani Barabara ya Nyerere, tofauti ya shilingi 26,600 ni nauli ya daladala ya wiki kadhaa. Ni kweli kwamba mwenye mapato ya shilingi milioni moja alinufaika zaidi, kwa shilingi 51,600, na hilo ni doa. Lakini kwa anayetaka kumfikia mfanyakazi wa chini, kupandisha kiwango kisichotozwa kodi kunafaa kuliko kupunguza asilimia. Tangu hapo mishahara imepanda, ikiwemo ya kima cha chini serikalini iliyofika shilingi 500,000 Julai 2025, na kwa mtumishi wa ngazi hiyo, baada ya kutoa mchango wake wa asilimia 5 wa pensheni, ngazi zilezile zinamkata shilingi 16,400 kila mwezi.

Lakini wako wengi Kinyerezi ambao PAYE haiwahusu. Dereva wa bodaboda kituoni, mama lishe, fundi wa kuchomelea mageti na muuza genge hawana hati ya mshahara, na kodi yao hujificha kwenye vitu wanavyonunua. Mfano ulio wazi zaidi ni risiti ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kwa viwango vilivyozoeleka, anayenunua umeme wa shilingi 10,000 hupata nishati ya shilingi 8,196.72, zinazobaki ni Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo ni shilingi 1,475.41, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, na asilimia 1 ya mamlaka ya udhibiti, EWURA. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia mita hiyohiyo, na katika nyumba za kupanga aghalabu mpangaji ndiye hukatwa kwanza, kisha akaelewane na mwenye nyumba. Punguzo la PAYE halimgusi mtu huyu hata kwa senti.

Ndiyo maana tukio la Septemba 2022 lina umuhimu wa pekee. Tozo za miamala ya simu, zilizoanza Julai 2021 na kulalamikiwa kila kona ya nchi, zilikuwa zimeshapunguzwa zaidi ya mara moja, ndipo Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alipolieleza Bunge kwamba baadhi yake zinafutwa kuanzia Oktoba 1, na kwamba pengo litazibwa kwa kubana matumizi ya Serikali yenyewe: chai na vitafunwa, semina, makongamano, matamasha na mafunzo. Miezi michache kabla ya hapo Rais Samia alikuwa ametangaza ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, akieleza kwamba Serikali imejibana ili kuipata. Hapo ndipo fedha ya semina na vitafunwa ilipotajwa waziwazi kuwa mbadala wa fedha ya muuza genge, na unafuu huo uliwafikia hata wasioajiriwa. Kilichokosekana ni hesabu ya mwisho iliyowekwa mbele ya wananchi, fungu kwa fungu, ikionyesha ni semina ngapi zilifutwa na kiasi gani kilibaki.

Kukosekana kwa hesabu ya namna hiyo kuna gharama, kama ilivyoonekana katika fedha za makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ambao mshtakiwa hukubali kosa na kulipa ili kesi imalizike. Septemba 2019 Mkurugenzi wa Mashtaka, Biswalo Mganga, alimwarifu Rais Magufuli kwamba washtakiwa 467 wa uhujumu uchumi walikuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8. Mwanzoni mwa mwaka 2023, ni Rais Samia mwenyewe aliyehoji hadharani fedha za utaratibu huo zilikokwenda. Fedha ambayo mkuu wa nchi anaiulizia haiwezi kuahidiwa kwa mtu yeyote kama unafuu wa kodi.

Kuna pia fedha ambayo ikishatoka hurudi kama bili. Mwaka 2014 Bunge, kwa kuongozwa na ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe, lilijadili zaidi ya dola milioni 120 zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow iliyofunguliwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro kati ya TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL. Mwaka 2016 baraza la usuluhishi wa kimataifa liliamuru TANESCO imlipe mdai mwingine wa mradi huohuo dola milioni 148.4. Kinyerezi, ambako mitambo ya TANESCO huzalisha umeme kwa gesi inayotoka Mtwara, umma unamiliki mitambo yake wenyewe, lakini anayenunua LUKU huko ni mteja wa shirika lilelile lililoamriwa kulipa.

Nyenzo ya kuziba mianya ipo na inaheshimika. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mamlaka ya Ibara ya 143 ya Katiba, humkabidhi Rais ripoti zake kila mwisho wa Machi, nazo huwasilishwa bungeni Aprili, zikieleza malipo yasiyo na nyaraka, mashine zilizonunuliwa zikakaa bila kutumika, na riba zinazolipwa kwa wakandarasi waliocheleweshewa fedha zao. Riba hizo ndizo zingefaa kuanzwa nazo, maana hulipwa tena na tena wala hazijengi hata mita moja ya barabara. Kasoro iko kwenye kalenda. Ripoti zilizowasilishwa Aprili 2023 zilizua hasira, na wabunge wengine walitaka zijadiliwe papo hapo, lakini kwa utaratibu zilipelekwa kwanza kwenye kamati na mjadala wake bungeni ukafanyika Novemba. Sheria ya Fedha ilikuwa imeshapitishwa tangu Juni bila Bunge kuwa limejadili ni mianya gani izibwe na kodi ipi ipunguzwe kwa fedha itakayobaki, na mfanyakazi wa Kinyerezi alikuwa amekwishakatwa mara nne kwa viwango vya mwaka huo mpya.