Dirisha Likifungwa, Maganda Yaende Wapi?

Msimu wa mananasi ukikolea, Kiwangwa hunusika kabla haijaonekana. Mafungu yamepangwa kando ya lami ya barabara ya Bagamoyo–Msata, na Coaster ikisimama kushusha abiria, wauzaji huizunguka na vipande vilivyokwisha menywa. Watu hula hukohuko garini. Maji ya nanasi huchuruzika viganjani, yakafika viwikoni, yakaishia sakafuni, na gari likikaribia Makofia viatu vimeanza kunata. Chupa za maji na maganda ya machungwa wala hayakai ndani; yameshatupwa nje zamani.

Dirisha la Coaster ni feni, ni duka, na ni pipa la taka. Konda akipiga ufagio mwisho wa safari, anachokuta ni vumbi na tiketi.

Reli ya Kati nayo imeishi hivyo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na abiria wake wa daraja la tatu wanaijua vizuri stesheni ya Saranda, mkoani Singida, kwa sababu ya kuku. Treni ikisimama, masinia huinuliwa mpaka madirishani, pesa inashuka, mapaja yanapanda. Mifupa hurudi kwa njia ileile. Hata choo ni tundu linalotazama mataruma, ndiyo maana abiria huambiwa wasikitumie treni ikiwa imesimama stesheni. Behewa linabaki safi kiasi. Njia ndiyo inayochafuka.

Treni ya umeme imelifunga dirisha hilo. Safari za reli hiyo ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 14, 2024, na Agosti 1 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi huduma hadi Dodoma. Kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, hakuna wa kuinua sinia, na kiyoyozi hakina maana kioo kikiwa wazi. Nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa wakati huo, Sh13,000 hadi Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma, zilimpa abiria siti yenye namba yake. Hilo peke yake ni raha kubwa kwa mtu aliyezoea kusafiri na ndoo ya samaki wa mwenzake katikati ya magoti. Ila sasa kila kinachoingia na abiria kinabaki humohumo: makombo, maji ya matunda, harufu ya samaki. Usafi uliokuwa ukifanywa na upepo unahitaji mtu, mfuko wa taka na ratiba.

Wamarekani walishalipia somo hili, tena kwa gharama. Treni za BART za eneo la San Francisco zilipoanza Septemba 1972, zilikusudiwa kumshawishi mwenye gari aliache nyumbani. Ndani zilitandikwa zulia ukuta hadi ukuta, siti pana zikavikwa kitambaa cha sufu. Zilipendeza kweli. Lakini sufu hunywa kila kinachomwagika, na zulia la sebuleni halikutengenezwa kwa viatu vya maelfu ya watu kila siku. Mwaka 2011 vipimo vya maabara kwenye siti moja vilikuta bakteria wa kinyesi, habari ikavuma mji mzima. Kuanzia mwaka uliofuata vitambaa vikaanza kubadilishwa kwa ngozi bandia inayofutika kwa kitambaa chenye maji, na mazulia nayo yakang'olewa.

Washington nao walianza na zulia, mwaka 1976, ila wao waliongeza amri: marufuku kula wala kunywa. Oktoba 2000 msichana wa miaka 12 alikamatwa na kufungwa pingu kwa sababu ya kula kipande cha chipsi ndani ya stesheni. Kesi ilifika mahakama ya rufaa, na mwaka 2004 majaji, akiwemo John Roberts ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Marekani, waliona kukamatwa kule hakukuvunja katiba. Sijui abiria wa Saranda angewaelewaje. Hata hivyo zulia halikudumu. Treni mpya zilizoanza kazi mwaka 2015 hazikuwa nalo.

New York walichagua njia kavu zaidi. Treni zao zina mabenchi ya plastiki ngumu, yasiyobembeleza mgongo, lakini dakika chache za kufuta zinatosha. Tatizo lao ni saa. Treni hizo zinatembea usiku na mchana, na watu wasio na makazi hulala ndani yake. Mei 6, 2020, wakati wa korona, mtandao mzima ukaanza kufungwa saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ili usafishwe kwa dawa, jambo ambalo halikuwahi kupangwa tangu treni za kwanza zianze mwaka 1904. Ratiba ya saa 24 ilirudi Mei 2021.

Abiria wa Kiwangwa atakutana na suala hili karibu zaidi kuliko Dodoma. Awamu ya nne ya mabasi ya Mwendokasi ya Dar es Salaam inajengwa katika Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, mahali ambapo wengi wa kutoka kaskazini hupita wakienda mjini. Awamu ya kwanza, iliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ilionyesha kwamba basi zuri likijaza watu mpaka wengine wapenye madirishani, halina nafasi ya mfagizi kupita. Kwa hiyo mabasi ya njia hiyo yakija, rangi yake si ya kuitazama sana. Muhimu ni sakafu kama inapigika deki, siti kama zinafutika, na kama kuna mtu mwenye ufagio kituo cha mwisho, mwenye dakika za kutosha kabla ya gari kugeuza.