Michezo ya treni: bei ya mlangoni ni ndogo, ya ndani ni ingine

Mwenye kufungua duka la Steam na kutafuta Train Simulator Classic, mchezo wa video wa kampuni ya Uingereza Dovetail Games, anakuta bei isiyotisha. Akishuka chini ya ukurasa ndipo anaona mamia ya vipande vya kuongezea, njia za reli na vichwa vya treni, kila kimoja na bei yake. Kuvinunua vyote ni maelfu ya dola.

Wenye kuutetea mchezo wanajibu kwamba hakuna anayelazimishwa. Ni kweli: anayependa reli za Ujerumani hana lazima ya zile za Marekani. Tena kazi yenyewe ni nzito. Lazima kupima miinuko, kurekodi sauti za injini, kuweka kila ishara mahali pake, na wanunuzi wa njia moja ni kidogo sana wakilinganishwa na wapenzi wa michezo ya mpira.

Kinachokasirisha wachezaji ni kingine. Unalipa kifurushi cha safari, kisha unaambiwa safari hazifunguki mpaka uwe na njia ao treni fulani inayouzwa pembeni. Jambo hilo linaandikwa dukani, ndiyo, lakini si kwa herufi kubwa kama bei.

Kwa Train Sim World, ndugu mdogo wa mchezo huo, matoleo yamefwatana haraka: la 2 mwaka 2020, la 3 mwaka 2022, la 4 mwaka 2023, la 5 mwaka 2024. Njia nyingi za zamani zinahamia toleo jipya bila kulipa tena, na hapo kampuni inastahili sifa. Lakini njia mpya inaweza kufika karibu dola 40, na mara nyingi inakuja na aina chache tu za treni. Mchezaji anasimama kituoni anatazama treni ileile ikienda na kurudi. Akitaka ingine ipite, anunue.

Kwa kijana wa Goma ao Lubumbashi, dola 40 si feza ya kuchezea. Steam haina bei kwa franka za Congo, na juu yake kuna mega: njia moja inaweza kula gigabaiti nyingi. Afazali kungoja punguzo, kwani vipande vya zamani hushuka bei hata nusu. Sheria ya Steam inaruhusu pia kurudishiwa feza ndani ya siku 14, kama hujacheza saa 2 tangu ununue.

Kuna pia mlango wa bure. Open Rails inaendesha njia zilizotengenezwa kwa Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, na wapenzi wangali wanaziongeza hata kisha Microsoft kuacha kazi ya toleo la pili mwaka 2009. Trainz, ya Australia, imejengwa sana juu ya kazi za wachezaji wenyewe.

Dovetail nayo ilifungua mlango kidogo: pamoja na Train Sim World 4 ilitoa chombo cha kujitengenezea njia. Ni cha ordinatere peke yake. Wenye PlayStation na Xbox wangali wanategemea duka.