Mbayuwayu Warejeapo Ulaya

Kila mwaka karibu na mwezi wa Machi, mbayuwayu wengi waliokuwa wakizunguka juu ya malisho yetu na kutua safu safu juu ya nyaya hupungua, na mwisho hatuwaoni. Je, huenda wapi?

Hurudi kwao Ulaya. Huko, wakati wa baridi kali, wadudu warukao hupotea, na mbayuwayu hana chakula kingine. Basi, imfukuzayo kwao ni njaa zaidi ya baridi. Majira ya kuchipua majani yaanzapo, wadudu hutokea tena, na mchana hurefuka kuliko wa kwetu. Hivyo ndege hupata saa nyingi za kuwalisha makinda yake.

Zamani watu wengine wa Ulaya walisadiki kwamba mbayuwayu hulala matopeni chini ya maji mpaka baridi ipite. Pete ndogo ilitoa ushahidi mwingine. Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, mbayuwayu mmoja alivikwa mguuni pete nyepesi yenye namba. Desemba 1912 ndege yule yule alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Uzito wa ndege wa namna hii ni kama gramu 20 tu, naye huvuka hata jangwa la Sahara!

Wenyeji wa kaskazini humngojea kwa hamu. Mwaka 1736 Robert Marsham wa Norfolk alianza kuandika tarehe za dalili za majira hayo, mojawapo ni kuonekana kwa mbayuwayu wa kwanza. Jamaa zake waliendeleza kazi hiyo hata 1958. Kwa daftari kama hizo wataalamu wametambua kwamba hewa izidipo joto, dalili nyingi hutangulia.

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo. Enyi wanafunzi, andikeni tarehe mwaonapo mbayuwayu wa kwanza baada ya Agosti, na wa mwisho kabla ya kuondoka kwao. Mkiokota aliyekufa mwenye pete, nakilini namba na anwani iliyomo, mkapeleke habari. Nanyi wenye manati, kumbukeni kwamba ndege huyu hutulia nzi na wadudu wengine bila ujira. Amwuaye hapa humnyima mwenzake wa mbali mgeni anayemtazamia.